Haki ya Usiku: Jinsi Binadamu Alivyoijua Kazi ya Usingizi

Mwaka 1894, daktari mmoja mwanamke wa Urusi, Maria Manaseina, alitangaza matokeo ya jaribio ambalo leo ni vigumu kulisoma bila kuona uchungu. Alichukua watoto wa mbwa wenye umri wa miezi michache, akawalisha vizuri na kuwatunza, akawanyima kitu kimoja tu: usingizi. Kila walipoanza kusinzia waliamshwa na kutembezwa. Baada ya siku nne au tano walikufa. Joto la miili yao lilikuwa limeshuka, na alipowapasua alikuta damu imevuja hapa na pale ndani ya ubongo. Kisha akalinganisha. Mbwa aliyekaa bila chakula kwa siku 20 na zaidi bado anaweza kuokolewa akilishwa kwa uangalifu. Hawa wadogo, baada ya siku tano bila usingizi, hata chakula, joto na matunzo hayakuwarudisha. Daktari yule akahitimisha kwamba kiumbe hai huhitaji usingizi kuliko anavyohitaji chakula.

Jaribio hilo lina uzito katika historia kwa sababu lilibadili namna ya kuuliza. Kwa zaidi ya miaka 2,000 wenye hekima walikuwa wameuchunguza usingizi kwa kumtazama aliyelala. Aristotle, katika Ugiriki ya karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kitabu kidogo juu ya kulala na kuamka, akaeleza kwamba mvuke wa chakula kinachosagwa tumboni hupanda kichwani, hupoa, hushuka tena, na mtu akasinzia. Ibn Sina, tabibu wa Bukhara aliyefariki mwaka 1037, aliuweka usingizi katika Al-Qanun fi al-Tibb pamoja na hewa, chakula na kinywaji, harakati na utulivu, yaani mambo ambayo afya hujengwa au hubomolewa nayo. Aliona mbali. Lakini mtu aliyelala fofofo haonyeshi mengi kwa anayemtazama: macho yamefumba, mikono imelegea, maneno hana. Ndiyo maana Wagiriki wa kale walimfanya Usingizi kuwa pacha wa Mauti, na Waswahili nao husema usingizi ni nusu ya kifo. Ukimtazama tu aliyelala huoni kazi yoyote, unaona kazi imesimama. Hoja ya makala hii ni kwamba kazi ya usingizi imejulikana kwa njia ile ya Manaseina, kwa kuangalia kinachoharibika pale unapokosekana. Na kwamba kila ulipokosekana, mwili, akili na roho viliumia pamoja. Anayeupunguza usingizi kwa kudhani anakata muda mtupu, anakata kazi ambayo haifanyiki saa nyingine yoyote.

Miaka miwili baada ya Manaseina, wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, Patrick na Gilbert, waliwakesha vijana watatu kwa muda wa saa 90. Hapa kilichoanza kuharibika waziwazi ni akili. Kumbukumbu ilidhoofika, mwitikio ukawa mzito, na mmoja wao akaanza kuona vitu ambavyo havikuwepo, kana kwamba sakafu imefunikwa na chembe zinazotembea. Waliporuhusiwa kulala walirudi katika hali yao, na jambo la ajabu ni kwamba walifidia sehemu ndogo tu ya saa walizopoteza, kwa kuwa walilala usingizi mzito kuliko kawaida. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Paris, Legendre na Piéron walipiga hatua nyingine. Walichukua maji ya uti wa mgongo ya mbwa waliokeshwa kwa siku nyingi, wakawachoma nayo mbwa waliokuwa wamelala vya kutosha, na mbwa hao wakasinzia. Mjapani Ishimori alikuwa amefikia jambo hilohilo mwaka 1909. Maana yake ni kwamba kukesha huacha kitu ndani ya mwili, na kitu hicho hudai usingizi. Leo tunajua kuwa mmoja wa wadai hao ni adenosini, ambayo hujilimbikiza ubongoni kadiri mtu anavyokaa macho, na hupungua anapolala. Kahawa hufanya kazi kwa kuziba mahali ambapo adenosini hujishikiza. Kwa hiyo mnywaji wa kahawa hajalipa deni lake. Amemfungia mdai mlango, na mdai bado yuko barazani.

Wakati Ulaya ikichoma sindano mbwa, watu wa Ziwa Viktoria walikuwa wakipata somo lao kwa gharama ya kutisha. Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo, Albert Cook na nduguye Jack, walianza kupokea wagonjwa waliosinzia katikati ya mazungumzo, wakakonda, wakachanganyikiwa, wakafa. Ulikuwa ugonjwa wa malale. Katika miaka michache uliua watu zaidi ya 200,000 huko Busoga, Buganda na visiwani, ukaacha vijiji vizima vikiwa mahame. Aldo Castellani aliona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 kundi la David Bruce likabaini kwamba vinasambazwa na mbung'o. Robert Koch alipiga kambi katika visiwa vya Sese mwaka 1906 na 1907, akiwachoma wagonjwa dawa ya atoksili, ambayo iliwapofusha baadhi yao. Jina la ugonjwa huu linatufanya tuamini kwamba mgonjwa analala kupita kiasi. Lakini vipimo vya umeme wa ubongo vilivyofanywa miongo mingi baadaye kwa wagonjwa wa Afrika ya Kati na ya Magharibi vilionyesha kwamba jumla ya saa zao za usingizi haiongezeki sana. Kinachovunjika ni mpangilio. Mchana mgonjwa anasinzia kila mara, usiku hapati hata lepe la usingizi, na zamu ya kulala na kuamka inasambaratika. Saa zipo, faida haipo. Hilo ni funzo ambalo mahesabu ya saa pekee yasingelitoa: usingizi hufanya kazi yake ukifuata utaratibu wake, na ukitawanywa vipandevipande haumlishi mtu.

Mwaka 1917 ugonjwa mwingine ulilifungua fumbo zaidi. Mjini Vienna, Constantin von Economo alieleza homa ya ubongo ambayo iliwafanya baadhi ya wagonjwa walale kwa majuma, na wengine wakeshe bila kufumba jicho hadi kufa. Alipochunguza bongo za waliofariki aliona kwamba makundi hayo mawili yaliumia sehemu tofauti za haipothalamasi: walioumia nyuma walilala mno, walioumia mbele walikosa usingizi. Kumbe ipo sehemu ya ubongo ambayo kazi yake ni kulaza. Kama usingizi ungekuwa uchovu tu, taa inayozimika mafuta yakiisha, kuharibu sehemu ya ubongo kusingeweza kuuondoa. Kisha zikaja mashine. Hans Berger wa Jena alitangaza mwaka 1929 njia ya kuandika umeme wa ubongo wa binadamu bila kupasua kichwa. Mwezi Desemba 1951, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky, alimfunga nyaya mwanawe Armond, mtoto wa miaka minane, akakesha akitazama kalamu zikichora kwenye karatasi ndefu. Katikati ya usiku kalamu zikachachamaa. Macho ya mtoto yalikuwa yakienda mbio chini ya kope, na ubongo wake ukifanana na wa mtu aliye macho, ilhali amelala. Mwaka 1953 yeye na mwalimu wake Nathaniel Kleitman waliutangaza usingizi huu wa macho kuchezacheza. Na watu walioamshwa ndani yake, wengi walisema walikuwa wakiota. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba aliyelala amesimamisha kazi. Usiku una awamu zinazofuatana kwa kupokezana, karibu kila dakika 90, na ubongo hauzimi hata mara moja.

Kama kazi ipo, ni kazi gani kwa mwili? Chuo kilekile cha Chicago kilitoa ushahidi mgumu kuliko wote. Katika miaka ya 1980 Allan Rechtschaffen na wenzake waliwaweka panya wawili wawili juu ya sahani moja iliyo juu ya maji. Panya wa kwanza akianza kulala, sahani ilizunguka, naye akalazimika kutembea asije akatumbukia. Panya wa pili alitembezwa vilevile, lakini aliweza kulala kila mwenzake alipokuwa macho. Wale walionyimwa usingizi walikula zaidi na bado wakakonda. Wakatoka vidonda mikiani na miguuni. Joto la mwili likawashinda. Na kati ya siku ya 11 na ya 32 wote walikuwa wamekufa au wamefika ukingoni mwa kifo. Mtu anaweza kupinga kwamba kilichowaua ni mateso ya kuzungushwa, wala si kukosa usingizi. Pingamizi hilo ni la haki, na linamhusu Manaseina pia, kwa kuwa watoto wake wa mbwa walisumbuliwa mchana na usiku. Lakini ndiyo kazi ya panya wa pili: alizungushwa kwa sahani ileile, juu ya maji yaleyale, na alistahimili vizuri zaidi kuliko mwenzake. Tofauti kubwa kati yao ilikuwa ni nafasi ya kulala.

Kwa binadamu hatuhitaji kwenda hadi kifo ili kuona. Mwaka 1968 ilibainika kwamba wimbi kubwa la homoni ya ukuaji humwagika saa za mwanzo za usiku, mtu akiwa katika usingizi mzito. Na ikabainika pia kwamba usingizi ukicheleweshwa, wimbi nalo husubiri. Mwaka 1999 Eve Van Cauter na wenzake waliwalaza vijana 11 wenye afya njema kwa saa 4 tu kila usiku, usiku sita mfululizo. Miili yao ikaanza kushindwa kuisukuma sukari itoke kwenye damu kama ilivyopaswa, hali inayofanana na ile ya mtu anayeelekea kwenye kisukari. Hawakuwa wagonjwa, hawakubadilishiwa damu wala viungo. Walipunguziwa usiku, na juma lisilotimia moja lilitosha. Walipolala vya kutosha, hali ikatengemaa. Bibi anayemwambia mjukuu alale ili akue, na muuguzi anayeomba wodi inyamaze ili mgonjwa apone, wote wawili wana ushahidi upande wao.

Hapa mpinzani atamleta Randy Gardner, mvulana wa San Diego aliyekuwa na umri wa miaka 17. Kati ya Desemba 1963 na Januari 1964 alikaa macho kwa saa 264, siku 11 kamili, akiangaliwa katika siku za mwisho na mtafiti William Dement. Hakufa. Alilala saa 14, akaamka, akaendelea na maisha. Je, si ushahidi kwamba usingizi si lazima kama tunavyoambiwa? Kwanza tuangalie yaliyotokea ndani ya siku hizo 11. Alipoteza kumbukumbu za mambo ya karibu, akawa mwepesi wa kukasirika, akaona na kuamini mambo yasiyokuwepo, na maneno yakawa yanamponyoka. Mwili uliendelea kusimama huku mwenye mwili akipotea na kurudi. Pili, mtu aliyekeshwa huibiwa malepe ya sekunde chache hata macho yake yakiwa wazi. Usingizi ukikatazwa mlangoni hupita dirishani, kwa hiyo kukesha kwa kweli kabisa ni kugumu mno kwa binadamu. Tatu, kutokufa ni kipimo duni cha haja. Mtu aliyefunga siku 11 bila kula naye anaweza kuishi, na hakuna anayesema kwa hiyo chakula hakina kazi.

Zaidi ya hayo, hatari ya kweli haiko kwa anayekesha siku 11, maana huyo anajijua. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na David Dinges wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya watu wazima 48. Baadhi walilala saa 8 kila usiku, wengine saa 6, wengine saa 4, kwa majuma mawili. Waliolala saa 6 au pungufu walizidi kudhoofika siku baada ya siku katika vipimo vya uangalifu, hadi wakafikia hali ya watu waliokosa usingizi kabisa kwa usiku mmoja hadi miwili. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, walisema wamechoka kidogo tu, na kadiri siku zilivyopita waliona wameshazoea. Hawakuzoea. Kilichozoea ni hukumu yao juu ya nafsi zao. Huu ndio mtego: chombo kinachopaswa kutuambia kwamba hatujalala ndicho cha kwanza kuharibika kwa kutolala. Anayesema yeye anatosheka na saa chache, na mara nyingi anasema kwa moyo mweupe, anatoa ushahidi kwa kutumia shahidi aliyesinzia.

Upande wa akili nao una historia yake. Mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Jenkins na Dallenbach waliwafundisha wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana, kisha wakawauliza baada ya saa kadhaa. Waliolala baada ya kujifunza walikumbuka zaidi ya nusu hata baada ya saa 8. Wakikaa macho kwa muda huohuo, ilibaki kama silabi moja katika kumi. Kwa miaka mingi wataalamu walijibu kwamba usingizi haukufanya lolote hapo, ulikinga tu: aliyelala hasikii mapya, kwa hiyo ya zamani hayafutiki. Lilikuwa jibu la busara, na likasimama hadi ushahidi ulipolishinda. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton waligundua kwamba chembe za ubongo wa panya zilizokuwa zikiwaka pamoja alipotembea huku na huko zilirudia kuwaka pamoja katika usingizi uliofuata, kana kwamba ubongo unadurusu njia ile. Mwaka 2007 watafiti wa Lübeck, Ujerumani, Björn Rasch na Jan Born miongoni mwao, waliwafundisha watu mahali zilipo kadi mbalimbali huku chumba kikinukia waridi. Usiku, baadhi yao walipozama katika usingizi mzito, harufu ileile ikapitishwa puani mwao. Asubuhi, waliopata waridi usingizini walizikumbuka kadi vizuri zaidi. Kama usingizi ungekuwa ukuta tu wa kuzuia mapya, harufu ya waridi isingeongeza kitu. Imeongeza kwa sababu ndani ya ukuta kuna karani anayepanga mafaili, na harufu ilimwonyesha lipi aanze nalo. Mwanafunzi anayekesha usiku kucha kabla ya mtihani amekusanya makaratasi na kumfukuza karani.

Lipo pingamizi kubwa zaidi kuliko haya yote. Mtafiti Jerome Siegel wa Los Angeles amesema kwamba pengine usingizi ulianza kama njia ya kumtuliza kiumbe saa ambazo kuzurura hakumfai: akiwa amejikunja pangoni hatumii nguvu bure wala haonekani na adui. Hoja hii ina ukweli ndani yake, maana wanyama hutofautiana sana kwa saa za kulala, na maisha ya kila mmoja yana mchango. Lakini kama utulivu ndio kusudi lote, kuzimika fahamu ni bei ya ajabu kuilipia, kwa sababu mnyama aliyetulia macho wazi yuko salama kuliko aliyelala. Tazama pomboo. Lazima apande juu kuvuta pumzi, kwa hiyo hawezi kulala kama sisi. Watafiti wa Urusi walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba hulaza nusu moja ya ubongo huku nusu nyingine ikikesha, kisha zikapokezana. Yeye hatulii, anaogelea, na bado analala. Maumbile yamehangaika kutafuta njia ya kumwachia usingizi mnyama ambaye usingizi ungeweza kumzamisha. Kitu kisicho na kazi kisingelindwa kwa taabu hiyo.

Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, wanatoa ushahidi wa aina hiyohiyo kwa upande wa binadamu, na pia wanatajwa na wapinzani. Mwaka 2015 Siegel na wenzake walitangaza kwamba Wahadza, Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia hulala kwa wastani wa kati ya saa 5.7 na 7.1, pasipo taa za umeme. Wengine wakaruka na kusema: basi saa 6 zinatosha wote. Hitimisho hilo linazidi ushahidi. Watu hao hulala katika utaratibu usioyumba, usiku unapopoa, na kuamka karibu na saa ileile kila siku. Mjini mtu anaweza kuwa na saa 6 kama zao bila kuwa na hata kimoja kati ya hivyo vinavyozipa saa hizo thamani. Tukumbuke funzo la malale: mpangilio una uzito wake. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walitoa jambo lingine kutoka kwa Wahadza. Walifuatilia watu wazima 33 kwa siku 20, na katika muda wote huo ni dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Vijana walichelewa kulala, wazee waliamka mapema, wengine waliamka kati. Hakuna aliyepangiwa zamu, na kambi karibu haikukosa macho. Porini penye simba, njia rahisi ingekuwa kuacha kulala. Binadamu hakuiweza. Alichoweza ni kulala kwa kuaminiana, mmoja akiwa macho kwa ajili ya mwenzake bila hata kujua.

Ni kweli kwamba wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2013 kundi la Maiken Nedergaard lilitangaza kwamba panya akilala, nafasi kati ya chembe za ubongo wake hupanuka kwa takriban asilimia 60, na maji hupita yakisomba uchafu wa mchana. Habari hiyo ilienea duniani kama moto wa nyika. Mwaka 2024 kundi jingine, la London, likatoa vipimo vinavyopingana nayo, vikionyesha kwamba usafishaji hupungua panya akilala. Msomaji anaweza kuuliza kama ubishi huu unaibomoa hoja. Unaibomoa kwa yule tu aliyeweka nyumba yote juu ya nguzo moja. Wanabishana juu ya namna kazi moja inavyofanyika. Hawabishani kwamba panya aliyenyimwa usingizi anaharibika. Vijana wa mwaka 1999, kadi na waridi, panya wa sahani, kila kimoja kimesimama kwa miguu yake.

Imebaki roho, na hapa pingamizi linatoka kwa watu wa kuheshimiwa. Dini nyingi husifu kukesha. Waislamu wana tahajudi, Wakristo wana mikesha, na watawa wa kila zama wameupigania usiku. Je, roho haikui kwa kuushinda usingizi? Historia ya dini zenyewe inajibu. Qurani, katika Sura An-Naba, inautaja usingizi miongoni mwa neema, kuwa ni mapumziko. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, Salman al-Farisi alimtembelea nduguye Abu Darda, mtu aliyefunga mchana na kusali usiku hadi nyumba yake ikapwaya. Usiku Abu Darda akataka kuinuka kusali; Salman akamwambia alale. Akataka tena, akamwambia alale. Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku Salman akamwamsha, wakasali pamoja, kisha akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wa nyumbani mwake wana haki pia, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume alipopewa habari alisema Salman amesema kweli. Katika karne ya 6 nchini Italia, Benedikto alipowaandikia watawa kanuni alipanga kwamba wakati wa baridi waamke saa ya nane ya usiku, ili wawe wamelala zaidi ya nusu ya usiku na chakula kimekwisha kusagika. Hawa ndio mabingwa wa kukesha, na wote wawili walianza kwa kuulinda usingizi.

Walijua jambo ambalo maabara imekuja kulipima juzi tu. Mwaka 2007 Matthew Walker na wenzake walionyesha watu picha za kuhuzunisha. Wale ambao hawakulala usiku uliotangulia, amigdala zao, sehemu ya ubongo inayopokea hofu na hasira, zilipiga kelele kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko za wenzao. Mwaka 2022 Eti Ben Simon na Walker walienda mbali zaidi: mtu aliyelala vibaya alikuwa mzito kumsaidia mwenzake siku iliyofuata. Walipopitia michango ya hisani zaidi ya milioni 3 iliyotolewa Marekani kati ya mwaka 2001 na 2016, waliona kwamba juma lile ambalo saa husogezwa mbele na watu kupoteza saa moja ya usingizi, michango ilishuka kwa takriban asilimia 10. Mtu anaweza kusema kwamba huo ni ubongo, roho ni kitu kingine. Lakini kwa lugha yetu, mtu mwenye roho nzuri hujulikana kwa subira, huruma na mkono ulio wazi. Hivyo ndivyo vinavyopungua. Kama ibada ya usiku inamtoa mtu akiwa mkali kwa watoto wake na mgumu kwa jirani, roho iliyokusudiwa kulishwa imepunjwa.

Kwa hiyo swali la leo ni la uadilifu kama lilivyo la afya. Tangu taa ya Edison ya mwaka 1879, usiku umekuwa kitu cha kuuzwa. Wafanyakazi walipigania siku ya saa 8, wakaipata katika mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1919, ili zibaki saa za kulala na za kuishi. Zamu za usiku hazitaisha, kwani jamii kama kambi ya Wahadza inahitaji macho. Lakini mwaka 2007 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulizitaja zamu zinazovuruga saa ya mwili kuwa yamkini husababisha saratani. Anayemweka mlinzi, nesi au dereva macho usiku anachukua sehemu ya mwili wake, ya akili yake na ya upole atakaorudi nao nyumbani. Basi ampe mchana wa kulala usioingiliwa, na zamu isiyorukaruka. Na anayejinyima mwenyewe kwa ajili ya simu, mtihani au sifa ya uchapakazi, ajue kwamba anaitumia haki ya nafsi yake bila kuiuliza. Salman hakumkataza nduguye kusimama usiku. Alimlaza kwanza, kisha akamwamsha.